Fundi cherehani, acha kusema "njoo kesho": mwongozo kamili wa kupanga muda na oda zako

Vijana niliowafundisha kushona wengi wao mikono yao iko vizuri kabisa, wengine kwenye kola na zipu ya kujificha wananizidi hata mimi, ila wakishafungua ofisi zao miezi haipiti mingi wateja wanaanza kupungua na nikiuliza jibu ni lilelile, nguo hazitoki siku waliyosema. Nawaelekeza kwa mdomo, wanaitikia, wakirudi kazini wanakwama palepale. Ndo maana nimeamua kuandika yote, hatua kwa hatua.

Mi mwenyewe yamenikuta. Jumamosi moja saa 6 mchana kaja mama mmoja kuchukua gauni la sendoff ya mwanae, sherehe ni jioni ileile. Navuta mfuko wake chini ya meza, kitenge kimo ndani kimekunjwa vilevile alivyokileta wiki 3 nyuma, na kikaratasi cha vipimo bado kimebanwa na pini juu yake. Hakugomba. Alikipokea akakiweka kwapani, akasema "haya mwanangu", akaondoka. Na wiki zote hizo 3 sikuwa nimelala, nilikuwa nashona mpaka saa 5 usiku. Kwahiyo tusidanganyane kwamba anayechelewesha nguo ni mvivu. Fundi anachelewa kwa sababu anatoa tarehe bila kuhesabu masaa aliyonayo, basi, na hapo ndo tutakapoparekebisha.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kaunta buku moja mpya, isiwe ile ya vipimo. Hii ni ya muda tu.
- Kalamu 2, ya bluu na nyekundu.
- Kalenda ya ukutani yenye nafasi ya kuandika.
- Simu yoyote yenye saa na alamu, ya kitochi inatosha.
- Mifuko mbadala ya kutosha, oda moja mfuko mmoja.
- Vipande vya boksi ulivyokata saizi ya kiganja, na pini za kubania.

Havigharimu hela nyingi. Kitakachokugharimu ni wiki moja ya uvumilivu kwenye hatua ya kwanza, na hapo ndo wengi wanaruka.

## Hatua ya 1: Pima muda wa kazi zako, usikisie

Kwa wiki nzima, kila ukishika kazi andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza. Usiandike nguo nzima kwa pamoja, igawe: kukata, kushona, kujaribisha na kurekebisha, kumalizia. Kumalizia ni vifungo, pindo za mkono, kutoa nyuzi na pasi.

Kwanini uigawe? Kwa sababu fundi ukimuuliza gauni linachukua muda gani atakwambia "masaa mawili tu", na hadanganyi, ila anafikiria ule muda aliokaa kwenye mashine tu. Mi nilipopima gauni langu la kitenge lenye bitana, yaani kitambaa cha ndani, nilikuta hivi: kukata dakika 45, kushona masaa 2 na dakika 20, kurekebisha baada ya kujaribisha dakika 40, kumalizia dakika 50. Jumlisha, ni masaa 4 na dakika 35. Miaka yote nilikuwa nawapa watu tarehe kwa hesabu ya masaa 2. Yaani kila gauni nililopokea nilikuwa nadaiwa masaa mawili na nusu ambayo sikuyaona popote, na gauni 6 kwa wiki ni masaa 15, ndo yale niliyokuwa nayalipa usiku.

Angalizo: usipime siku moja ukaridhika. Pima kila aina ya nguo angalau mara 3 na uchukue ule muda mrefu, sio wa katikati wala ule wa siku mkono ulipokuwa mwepesi. Siku ya mkono mwepesi haiji ukiiita.

Utajua umefanikiwa ukiwa na ukurasa wa kwanza wa daftari wenye orodha kama hii, kwa namba zako mwenyewe:

- Gauni lenye bitana: masaa 5
- Gauni la kawaida au dira: masaa 3
- Shati: masaa 3
- Sketi: masaa 2
- Suruali: masaa 3 na nusu

Mi nazungushia kwenda juu, ile 4 na dakika 35 naiandika 5.

## Hatua ya 2: Hesabu masaa halisi ya wiki

Hapa chukua kalamu kweli, usifanye kichwani. Tuseme unafungua saa 2 asubuhi unafunga saa 12 jioni, hayo ni masaa 10. Toa nusu saa ya kufagia na kupanga, toa saa moja na nusu ya kula na kuswali, toa saa moja ya kupokea wateja, kupima na simu. Umebakiwa na masaa 7. Mara siku 6 ni 42.

Bado. Siku moja kwenye wiki unaenda Kariakoo kufuata nyuzi, zipu na bitana, kwenda na kurudi na foleni toa masaa 4. Ijumaa unawahi msikitini, au Jumamosi una kikundi, toa 2. Inabaki 36.

Sasa hapa ndo pagumu. Toa robo ya hayo uiweke pembeni usiiuze kwa mtu. Robo ya 36 ni 9. Masaa yako ya kupokea oda ni 27 kwa wiki.

Najua utasema mbona nimepunguza sana. Hiyo robo sio ya kupumzika. Umeme utakatika, mtoto ataumwa, mashine itaanza kuruka nyuzi, na msiba ukitokea mtaani huwezi kukaa unakanyaga cherehani wakati majirani wametandika mikeka. Hayo mambo hujui yatakuja siku gani ila kuja yatakuja, kwahiyo yatengee nafasi mapema. Wiki ambayo hakijatokea kitu, hiyo robo unavuta oda za wiki inayofuata mbele au unafunga mapema ukae na familia.

Utajua umefanikiwa ukiona namba yako na ukashtuka. Asiposhtuka mtu nahisi hajatoa vyote.

## Hatua ya 3: Chora daftari la wiki

Fungua kurasa 2 zinazotazamana, hizo ni wiki moja. Juu kabisa kushoto andika masaa yako, mfano 27, kwa kalamu nyekundu.

Ukurasa wa kushoto ni wa oda. Chora mistari ya jina, nguo, masaa, siku ya kujaribisha, siku ya kutoa, advansi, na iliyobaki. Ukurasa wa kulia gawa vyumba 6, Jumatatu mpaka Jumamosi.

Kila oda ikiingia unatoa masaa yake pale juu. Kaja gauni lenye bitana, 27 kata andika 22. Ikaja sketi, kata 22 andika 20. Ikifika sifuri wiki hiyo imejaa, unafungua kurasa nyingine. Andaa wiki 4 za mbele kabisa, ukiwa na wiki moja tu iliyochorwa utajikuta unasokomeza kila kitu humohumo.

Na kile kipande cha boksi: andika jina, tarehe ya kutoa na ukurasa wa daftari, ubane kwenye mfuko wa oda kwa nje. Mifuko ipange kwa tarehe, ya karibu iwe juu na iwe machoni. Chini ya meza usiweke oda. Mi kile kitenge cha yule mama kilipotelea hapo.

## Hatua ya 4: Namna ya kupokea oda

Ukiniambia nichague hatua moja tu ya kukufundisha ningechagua hii, kwa sababu tarehe ikishatoka mdomoni umeshafungwa.

Sheria ni moja: usitaje siku yoyote kabla hujafungua daftari. Mteja akisimama mlangoni na kitambaa chake, amechangamka, anakusifia, mdomo unatamani kusema "njoo Ijumaa" ili aondoke na furaha. Jizuie. Mwambie tu, "Karibu mama, kaa hapo, ngoja nifungue daftari." Ile kufungua tu inakupa sekunde za kutulia, na yeye anaona kazi yako ina utaratibu.

Alafu swali lako lisiwe "unaitaka lini", kila mtu anaitaka kesho. Uliza, "Shughuli yenyewe lini?" Hapo ndo utapata tarehe ya kweli. Akisema harusi ni Jumamosi ya tarehe 20, wewe tarehe ya kutoa andika Alhamisi 18, na ya kujaribisha iwe siku 3 kabla ya hapo, Jumatatu 15. Kwanini siku 2 kabla ya shughuli? Kwa sababu akiivaa nyumbani na kiatu chake anaweza kugundua pindo limegusa chini, na bado una muda wa kulishika.

Mazungumzo yanaenda hivi:

— Fundi, mi naitaka Jumamosi hii hii.
— Mama, Jumamosi hii daftari limejaa, nikikubali nitakudanganya. Alhamisi ijayo naiweka mkononi mwako.
— Alhamisi mbali jamani.
— Shughuli lini?
— Tarehe 20.
— Basi Alhamisi ya tarehe 18 unayo, na Jumatatu unapita kujaribu.

Wengi wanakubali. Wachache wataenda kwa fundi mwingine na inauma, hasa ukiwa na kodi ya fremu shingoni, ila mteja uliyemwambia ukweli anaweza kurudi mwezi ujao. Uliyemharibia shughuli harudi, na dada zake wote hawaji.

Maangalizo ya hapa:

Oda haiingii kwenye daftari kama kitambaa hakijafika. "Nitakuletea kesho" ikileta kitambaa Alhamisi imekula masaa ya mtu mwingine.

Advansi kwanza. Asiyetoa advansi muandike kwa penseli pembeni, usimkatie masaa.

Mshono anaouonyesha kwenye simu uangalie mpaka mgongoni na mikononi kabla ya kutaja masaa. Mikono ya puto au shanga za kushona kwa mkono zinaweza kukuongezea nusu siku nzima.

## Hatua ya 5: Panga wiki kwa aina ya kazi, sio nguo moja moja

Mafundi wengi wanachukua nguo moja, wanaikata, wanaishona, wanaipiga pasi, ndo wanachukua nyingine. Inaonekana ni utaratibu mzuri ila inakula muda, maana kila mara unatoa meza, unarudisha meza, unawasha pasi ipoe tena, unabadilisha nyuzi. Ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa, peke yake ina nyuzi 3 au 4 za kupitisha, ukibadilisha rangi mara 8 kwa siku hesabu mwenyewe umepoteza dakika ngapi.

Mi wiki yangu iko hivi:

Jumatatu: kukata. Kata oda zote za wiki ambazo vitu vyake vimekamilika. Kukata nafanya asubuhi kichwa kikiwa kimetulia, kwa sababu mshono ukikosea unafumua lakini mkasi ukishapita umepita.

Jumanne na Jumatano: kushona. Pangilia kwa rangi ya uzi, nyeusi na bluu iliyokolea kwanza, alafu nyekundu na maruni, nyeupe mwisho baada ya kufuta mashine isije ikaacha mafuta kwenye kitambaa cha mtu.

Alhamisi: wateja wa kawaida wanajaribisha na narekebisha hapohapo. Kama shughuli ni mapema, siku yake inafuata ile hesabu ya hatua ya 4.

Ijumaa: asubuhi kumalizia, mchana naenda kuswali, jioni pasi kwa zote kwa mpigo mmoja.

Jumamosi: kutoa nguo na kupokea oda mpya. Sishoni kitu kipya.

Safari ya Kariakoo iweke Jumamosi asubuhi sana au Jumatatu mchana baada ya kukata, kwa sababu ukishakata ndo unajua kwa uhakika umepungukiwa nini. Uwe na kikaratasi ukutani unachoandika kila kinachoisha. Kukumbuka zipu ya inchi 22 ukiwa umeshapanda daladala ya kurudi ni masaa 4 mengine yameenda.

Umeme: kama mashine yako ni ya mota, kuwe na mfuko mmoja wa kazi za mkono tu, vifungo, pindo, kutoa nyuzi, kuchora na chaki. Umeme ukikatika usikae mlangoni kusubiri, shika ule mfuko. Mwenye cherehani ya kukanyaga asiiuze hata akipata ya mota.

## Hatua ya 6: Kazi 3 za kesho ziandike leo

Kabla hujafunga, kwenye chumba cha kesho andika kazi 3 tu. Tatu. Sio orodha ya vitu 14, hiyo utaitazama asubuhi uchoke kabla hujaanza. Alafu jaza bobini za rangi ya kesho, na kazi ya kwanza iache mezani imetandazwa. Ukifungua asubuhi unakaa unaanza, huanzi na kuzunguka.

Weka alamu ya kubadilisha kazi, na hapa kuna kosa nimeliona kwa vijana wawili: simu inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia jua linapotoka. Saa 2 asubuhi kwenye simu ni 8:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 10 jioni ni 16:00. Ukiweka 2:00 itakuamsha saa 8 usiku. Na mteja akikuandikia "nakuja saa 4" muulize ni asubuhi au usiku, hasa kama yuko nje ya nchi, huko mwenzako 4 yake huenda ndo saa 10 yetu.

## Hatua ya 7: "Fundi, dakika moja tu"

Kufupisha suruali, kubadili zipu, kupunguza sketi kiunoni. Vikazi hivi vina hela ya haraka na sikukatazi, ila kila kimoja kinakuinua, unabadili uzi, unaongea, unarudi umesahau ulikuwa unaunganisha upande gani.

Vitengee saa moja, mi ni saa 10 mpaka 11 jioni. Anayekuja asubuhi mwambie, "Acha hapo kaka, saa 11 upite uichukue." Andika kwenye kibao mlangoni watu wazoee. Na kama hiyo saa hukuitoa kwenye hesabu ya hatua ya 2 rudi ukaitoe, ni masaa 6 kwa wiki hayo, sio kidogo.

## Hatua ya 8: Misimu ya sikukuu

Idi, Krismasi, sare za shule Januari. Hapa unahesabu kinyumenyume kutoka kwenye siku yenyewe.

Chukua Idi el-Fitri. Mwezi wa Ramadhani ni siku 29 au 30, huwezi kujua mpaka mwezi uandame, kwahiyo fundi anayepanga kumaliza tarehe 29 anacheza na sikukuu za watu. Mi natoa nguo ya mwisho tarehe 27 Ramadhani. Masaa nayo yanapungua, umefunga, baada ya saa 9 alasiri nguvu zinashuka, na futari inakuita nyumbani. Kama kawaida una 27 kwa wiki, andika 20. Wiki 4 ni 80. Magauni ya masaa 3 hapo ni 26, ukizidisha utalia. Ukitaka kushona zaidi ya hayo anza kupokea Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani, na gauni la 26 likiingia bandika karatasi mlangoni kwamba oda za Idi zimefungwa. Na Ramadhani inarudi nyuma siku kama 10 au 11 kila mwaka, usitumie kalenda ya mwaka jana.

Sare za Januari ni rahisi zaidi, mshono mmoja kitambaa kimoja, kata hata suruali 10 kwa mpigo. Waombe wazazi walete watoto wapimwe Desemba mwishoni, sio mwanzoni, watoto wanakua.

## Kama una mzigo wa nyuma tayari

Ukianza leo kuna uwezekano una mifuko ambayo tarehe zake zimeshapita. Usianze wiki mpya juu yake. Jumapili moja, jifungie.

Toa mifuko yote, ya chini ya meza, ya juu ya kabati, ya nyumbani. Itandaze chini. Kila mmoja andika jina, nguo, kilichobaki na masaa yake. Jumlisha. Mdogo wangu mmoja tulifanya naye akakuta masaa 61, akakaa chini. Kwa masaa 27 hizo ni wiki 2 na robo, kwahiyo kwa wiki 2 hakupokea oda mpya hata moja, vikazi vya jioni tu vya kupata hela ya kula.

Panga kwa tarehe ya shughuli, sio kwa anayepiga simu sana. Ambao shughuli zao zimeshapita nao uwashonee, ila mwisho, na uwape chaguo la kurudishiwa kitambaa na advansi yao.

Alafu mpigie kila mmoja kabla hajakupigia wewe. Asiyepokea muandikie, na sema ukweli wote:

"Shikamoo mama. Ni fundi wako. Gauni lako nilikuahidi Ijumaa iliyopita na bado sijalikata, kosa ni langu. Nimepanga upya kazi zangu, lako nalikata Jumatatu, unapita kujaribu Alhamisi saa 9 alasiri, na Jumamosi asubuhi unalichukua. Kama siku hizo hazikufai niambie nikurudishie kitambaa na hela yako yote. Samahani sana."

Tuma hizo meseji usiku kama saa 2, watu wametulia nyumbani. Wengine watakujibu kwa hasira, wapokee, usijitetee. Kila anayejibu muandike siku yake kwenye daftari palepale, alafu mfuko wa kwanza uweke mezani na mkasi juu yake.